KOSA NI LA MLEVI, GARI LINASOTA KWA NINI?

Ndugu msomaji, na hasa wewe kijana wa Manzese, Tandale, Tandika na Mbagala ambaye gari unaloendesha si lako bali la tajiri, leo tuzungumze bila kupindisha maneno. Kuna jambo ambalo vijiweni linasimuliwa kwa kicheko, kumbe ndani yake kuna watu waliolizwa mchana kweupe. Ni habari ya kijana aliyekamatwa usiku akiwa na chupa zake kichwani, gari likapelekwa kituoni, na asubuhi yake akaanza safari ndefu ya kwenda kulikomboa.

Hebu lisikilize kwanza hilo neno. Kukomboa! Kinachokombolewa ni mateka, ama saa uliyoweka rehani. Gari lililo mikononi mwa dola halikombolewi. Linarudishwa kwa mwenyewe, au hakimu anaamuru lisirudishwe, basi. Ukiona mji mzima, kuanzia Rangi Tatu mpaka Mwenge, unatumia neno la mateka kwa mali iliyoko uani kwa polisi, ujue wananchi wamekwisha kutoa hukumu yao zamani.

Kabla hajatokea mtu wa kunishutumu kwamba natetea walevi, nisema wazi: mlevi mwenye usukani akamatwe, tena leo hii. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kiwango, miligramu 80 za kilevi katika mililita 100 za damu, na ukizidisha hapo wewe ni mkosaji hata kama unajiona unaendesha kama malaika. Kina mama wanaokaanga samaki pembeni mwa Barabara ya Kilwa usiku, na vibarua wanaovuka Mandela wakitoka zamu viwandani, hawana chuma cha kuwakinga. Wana miguu yao tu. Kwa hiyo ugomvi wangu na trafiki si kwamba anakamata walevi. Ugomvi wangu ni kwamba anawakamata halafu anawaachia, na anachobaki nacho ni gari la maskini.

Unabisha? Twende pamoja. Ni saa sita usiku, umetoka baa Sinza, mkono unapungwa, unasimama. Kipimo cha pumzi hakipo. Kipimo ni pua ya afande. Hapelekwi mtu hospitali kuchukuliwa damu. Linakuja swali ambalo kila dereva wa Bongo analijua kama anavyolijua jina la mama yake: "Sasa kijana, unasemaje?" Hapo njia zinagawanyika mbili, na zote mbili ni aibu.

Njia ya kwanza ni ya mwenye nazo. Anaingiza mkono mfukoni, noti zinakunjwa kama ugoro, ufunguo unarudi, na anaagwa kwa upole kabisa, "Endesha taratibu, mwanangu." Msomaji, simama hapo ufikiri. Ni yule yule mlevi! Dakika kumi zilizopita alikuwa hatari kwa jamii, sasa karudishwa barabarani na baraka za serikali, ulevi wake haujapungua hata tone moja. Kilichopungua ni pesa. Akimgonga mtu pale mbele Mwananyamala, damu ile ni ya nani? Mimi nasema ni ya wawili.

Njia ya pili ni yako wewe kabwela. Huna kitu, tena umekunywa kwa mkopo. Gari linaingia uani. Asubuhi unafika na macho mekundu, unaambiwa mpelelezi hajaja. Unarudi mchana, unaambiwa ufunguo anao afande wa zamu ya jana, na yeye leo amepumzika. Keshokutwa kuna msafara, askari wote wako barabarani wanasubiri mkubwa apite. Wiki inakwisha. Hakuna shitaka, hakuna tarehe ya mahakama, hakuna karatasi yoyote yenye jina lako. Siku unayofanikiwa kulifikia gari, betri hakuna, jeki hakuna, tairi la akiba limeota miguu, redio imeacha nyaya zikining'inia kama utumbo, na mafuta yamekauka. Ukiuliza, unaulizwa wewe: "Una ushahidi lilikuwa na betri?" Unalo jibu gani, wakati uliliacha ukiwa huwezi hata kusimama sawasawa?

Wakati huo tajiri anataka hesabu yake. Dereva wa bajaji ya mkataba anajua ninachosema. Siku za uani nazo zinahesabiwa kwenye daftari, na tajiri hana habari na mpelelezi. Wapo waliokwisha kunyang'anywa bajaji wakiwa wamebakiza miezi michache tu iwe yao. Pikipiki ndizo usiseme. Pita kituo chochote kikubwa uchungulie ua wake, utaona zimelaliana kama kuni, majani yamepenya kwenye rimu, nyingine zinasubiri mnada. Kila moja ilikuwa kazi ya mtu.

Haya si maneno ya wapinzani tu. Jaji Joseph Warioba na tume yake walikwisha kuyaeleza mwaka 1996 katika ripoti ya kero ya rushwa, na polisi wa barabarani walikuwemo ndani ya ripoti ile. Kangi Lugola, wakati akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani kati ya 2018 na 2020, alipiga kelele hadharani kwamba dhamana ya polisi itolewe saa zote, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, na kwamba bodaboda zisirundikwe vituoni ovyo. Bajeti ya 2021 ikashusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Vizuri. Lakini faini ya 10,000 inamsaidia nini mtu ambaye bajaji yake imelala uani wiki tatu bila kuandikiwa hata hiyo faini?

Sasa tuwaangalie wazito. Alfajiri ya Machi 27, 2009, Andrew Chenge, mbunge wa CCM na Mwanasheria Mkuu wa zamani wa Serikali, aliigonga bajaji kwa gari lake huko Oysterbay, wanawake wawili wakafa. Sisemi alikuwa amelewa, hilo halikuwemo katika mashitaka. Nasema alifikishwa Mahakama ya Wilaya ya Kinondoni, kesi ikasikilizwa, akatiwa hatiani Desemba 2010, faini shilingi 700,000 au jela miaka mitatu. Akalipa, akaenda zake. Wengi walilalamikia faini ile na mimi ni mmoja wao, roho mbili kwa laki saba! Lakini leo nataka uone upande mwingine: yeye alipata shitaka lenye namba, hakimu, hukumu, na siku ya mwisho wa kesi. Mtoto wa Tandika aliyekamatwa na bia tatu, hakuua nzi, hata shitaka hapati. Mwenye shangingi anafunguliwa jalada, mwenye bajaji anafungiwa geti.

Basi, kijana, ujanja uko wapi? Wa kwanza uko baa kabla hujainuka: mpe ufunguo mwenzako asiyekunywa, au liache gari hapo upande bodaboda. Lakini kama maji yamekwisha kumwagika na umekamatwa, usijifanye mkubwa kwa askari na usitie mkono mfukoni. Sheria ya kuzuia rushwa ya 2007 haimfungi mpokeaji peke yake, mtoaji naye yumo, na ukishatoa umejifunga mdomo mwenyewe. Omba upimwe kwa kipimo na uandikiwe matokeo. Kama hujazidisha, ndiyo ponapona yako. Kama umezidisha, kubali ulichofanya mbele ya hakimu.

Gari linapochukuliwa, dai karatasi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari anayekamata mali katika upekuzi atoe risiti ya mali hiyo. Kama risiti inatolewa kwa simu ya wizi iliyokutwa uvunguni, iweje gari zima la watu likose? Iandikwe namba ya gari, betri, tairi la akiba, redio, jeki, na mafuta yalivyo kwenye geji. Kama hujiwezi, mpigie ndugu au tajiri aje usiku ule ule, na siku hizi simu ya kila mtu ina kamera, kwa hiyo apige picha. Dhamana ni bure. Narudia, bure, na ukutani kwenye vituo vyenyewe imeandikwa. Ukidaiwa pesa ya kulaza gari, uliza kwa adabu, "Shikamoo afande, ada hii nailipia kwa namba gani ya malipo ya serikali?" Utashangaa bei inavyoyeyuka. Wakisema gari ni kielelezo, sawa, basi kesi iende mahakamani, na huko muombe hakimu aamuru ukabidhiwe kwa masharti. Hakimu ana uwezo huo, mwenye ufunguo wa geti hana.

Wakenya wenzetu walipoletewa kipimo cha alcoblow mwishoni mwa 2013 hawakuishia kulalamika baa. Walikwenda mahakamani kuuliza kanuni zile zimesimama juu ya sheria ipi, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ya kwao ikasema zilikuwa kinyume cha sheria. Sipendi kipimo kife, nakitaka hapa kwetu. Ninachowaonea wivu ni lile swali lao: kifungu gani?

Ninyi wakubwa wa polisi wa mikoa ya Kinondoni na Temeke, najua mnasoma gazeti hili hata kama mnalificha ndani ya gazeti la serikali. Hatuombi kompyuta. Tunaomba ubao mmoja mweusi nje ya kila kituo, uandikwe gari gani limeingia, lini, kwa kosa gani, na kesi yake iko mahakama ipi. Ubao na chaki havifiki bei ya kreti mbili za bia. Kuanzia wiki hii nitapita kituo kimoja kimoja nikiangalia ukutani, na Temeke wakiwatangulia Kinondoni, nitaandika hivyo hivyo katika ukurasa huu.