Mitsubishi: jina kubwa na malalamiko yaliyofichwa

Msimu wa mavuno ukifika, Fuso na Canter ndizo zinazobeba mahindi yetu hadi sokoni, na wengi wetu tukiona jina Mitsubishi kwenye gari tunaliamini. Huko Japani kwenyewe jina hilo limepita pagumu.

Gari lake la kwanza, Model A, lilitoka mwaka 1917. Yalitengenezwa 22 tu. Kampuni ya magari ilisimama peke yake mwaka 1970. Mwaka 2000 ikakiri kwamba tangu 1977 ilikuwa ikificha malalamiko ya wateja, ikirekebisha ubovu kimyakimya badala ya kuyaita magari yote yakaguliwe.

Januari 2002, mjini Yokohama, tairi la lori la Mitsubishi lilichomoka likamuua mama aliyekuwa akitembea na watoto wake wawili. Kampuni ikasema mwenye lori hakulitunza. Hadi Machi 2004 ndipo Fuso, iliyokuwa imeshatenganishwa kuwa kampuni ya malori, ilipokiri kwamba habu zenyewe, pale tairi linapofungwa, zilikuwa na kasoro. Sisi wa barabara za vumbi tunajua jibu la "hukutunza" linavyouma.

Mwaka 2016 likazuka jingine: Mitsubishi ilighushi vipimo vya matumizi ya mafuta vya magari madogo 625,000. Waliogundua hitilafu ni Nissan, waliokuwa wakitengenezewa mengi ya magari hayo. Hisa za Mitsubishi zikaporomoka, na mwaka huohuo Nissan wakanunua asilimia 34.