Malaria Hana, Je, Pumzi?

Mtoto ana homa, amepimwa, malaria haijaonekana. Katika zahanati nyingi za bonde hili la Kilombero mambo huishia hapo. Mama anasema, "Nesi, malaria hana, basi tumshukuru Mungu," anapewa dawa ya homa na antibaotiki, anambeba mwanawe mgongoni na kuondoka. Nimefanya uuguzi huku mpaka nikastaafu, nikabaki Chita kulima mpunga, na kwa maoni yangu kipimo cha oksijeni kikae meza moja na kile cha malaria.

Utafiti kwetu si mgeni. Waswisi walifungua maabara yao Ifakara mwaka 1956, na hiyo ndiyo iliyokua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Vidole vya watoto wetu vimetobolewa sana, na majibu yapo. Mwaka 2008 walichunguzwa watoto 1,005 wenye homa, wa Dar es Salaam na wa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Matokeo yalichapishwa 2014: wenye malaria walikuwa kama mmoja kati ya kumi, na zaidi ya sita kati ya kumi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Mengi ni mafua na vikohozi vinavyopona vyenyewe. Nimonia ya kweli ilikuwa kwa wachache.

Kazi ni kuwajua hao wachache. Kipimo cha oksijeni, kile kibanio kidogo, hupitisha mwanga kidoleni na kusoma oksijeni iliyobebwa na damu. Ikishuka chini ya asilimia 90, Shirika la Afya Duniani linataka mtoto apewe oksijeni. Jicho peke yake halitoshi. Midomo ya mtoto mweusi huchelewa kuonyesha upungufu huo, na kazi ya kuhesabu pumzi za mtoto anayelia, foleni ikiwa imefika mlangoni, waulizeni waliowahi kuifanya.

Halafu kuna kujua mgonjwa alilala wapi. Mzungu akirudi kwao na homa, daktari humuuliza mapema kabisa alisafiri wapi. Sisi tunadhani msafiri ni mtu wa ndege. Mama wa Chita anayehamia shambani na wanawe kuamia ndege wa mpunga, akalala kwenye dungu wiki kadhaa huku chandarua kimebaki kijijini, naye ni msafiri. Kijana anayeshuka kutoka baridi ya Makete kuja kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hapa Chita ndiye hasa. Mwili uliokulia mahali pasipo mbu wengi hauna kinga, na kwa mtu mzima wa namna hiyo malaria kali inaweza kujaza maji mapafuni. Hapo mgonjwa mmoja anakuwa na malaria na upungufu wa oksijeni kwa pamoja.

Wapo pia wanaoishi na oksijeni ya chini siku zote. Baadhi ya watoto wenye selimundu wanacheza, wanakwenda shule, na namba zao ziko chini ya za wenzao. Kwa mtoto kama huyo, 91 ya leo huwezi kuielewa kama hujui kawaida yake ni ngapi. Iandikwe kwenye kadi yake siku za kliniki, akiwa mzima.

Kifaa chenyewe si malaika. Utafiti wa Michigan, Marekani, uliochapishwa 2020, ulionyesha kwamba wagonjwa weusi walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu kuliko weupe wa kusomewa namba nzuri wakati oksijeni imeshashuka. Na mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria anaweza kusoma 98 na bado yuko hatarini: damu iliyopo imejaa oksijeni, ila damu yenyewe ni kidogo. Kwa hiyo muuguzi aendelee kutazama viganja kama vimepauka.

Najua swali linalofuata: ukishapima utafanya nini, na hospitali iko mbali? Utapiga simu ya gari asubuhi badala ya jioni. Masika huku, saa hizo chache zinaweza kuamua kama barabara inapitika. Tena katika majaribio ya Morogoro na Mbeya, vituo vilivyopewa tableti ya maelekezo, mafunzo na vipimo, kibanio hicho kikiwemo, viliandika antibaotiki kwa watoto 23 kati ya 100, wakati vituo vingine viliandika kwa 70. Matokeo hayo ni ya 2024. Dawa zilizookolewa nazo ni pesa.

Siku hizi zahanati hupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti yake, na kamati yake ya usimamizi hukaa kupanga matumizi. Wajumbe wa Chita, Mngeta na Mlimba wakiingiza kibanio hiki kwenye mpango, waandike kabisa kwamba ni cha watoto, pamoja na betri za akiba. Cha mtu mzima kwenye kidole cha mtoto wa miezi mitatu hucheza na kutoa namba za uongo.