Lawama Isemwayo Mapema

Mshairi aulaumuye mji hufaa zaidi asemapo mji ungali umesimama. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alionyesha jinsi majumba ya matajiri wa Pate yalivyobomoka na wenyewe kuingia makaburini. Ni maneno ya hekima. Walakini yalisemwa fahari ya mji ilipokwisha kuanguka.

William Blake wa Uingereza alisema mapema. Mwaka 1794 alitoa shairi fupi liitwalo London, juu ya mji aliozaliwa, nao ulikuwa na mali nyingi. Hakusifu majumba yake. Alitembea njiani akatazama nyuso za watu, akaona huzuni; akasikia na kilio cha mtoto asafishaye dohani. Watoto hao walikuwa maskini. Wengine waliuzwa na wazazi wao, wakapandishwa ndani ya dohani nyembamba kukwangua masizi. Mshairi hakuwalaumu maskini. Alikielekeza kilio cha mtoto kwa kanisa, na uchungu wa askari kwa jumba la mfalme, kwa maana wenye nguvu ya kusaidia walikuwa wamenyamaza.

Wako wasemao kwamba mtu wa namna hii auchukia mji wake. Sivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Naye amwonyeshaye mgonjwa kidonda chake amtakia kupona. Sheria ya mwaka 1788 ilikuwa imekataza watoto walio chini ya miaka 8 kufanya kazi ile, lakini haikufuatwa. Ilipofika mwaka 1875 ndipo sheria yenye nguvu ilipoikomesha. Kilio kingalisikiwa mapema, watoto wengi wangaliokoka.

Mwanafunzi wa Magamba, akaaye karibu na msitu penye hewa safi, aweza kudhani kwamba shairi hili ni la watu wa mbali. Lakini wako watoto wa milima ya Usambara wapelekwao Tanga na Dar es Salaam kutumika katika nyumba za watu, ingawa sheria ya Tanzania ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mtoto akitoweka darasani, mlimani nako wako wajuao na kunyamaza. Basi aliyelielewa shairi hili ni yule aulizaye mahali pale patupu palikuwa pa nani, na mwenyewe amepelekwa wapi.