Acheni Firauni Ajisemee

Kuna imani iliyoota mizizi mkoani Mara, na kwingi nchini, kwamba Mwafrika mwenye malezi hamcheki mkubwa wake. Utaisikia kwa wazee Butiama, utaisikia katika ofisi za walimu Bunda, utaisikia kwa wanaongoja samaki Mwigobero, Musoma. Kijana akitunga shairi ambamo mfalme wa zamani anajisifu mpaka anajianika, ataambiwa mambo mawili kwa mpigo: ameiga Wazungu, na amekosa adabu. Mwenye kumhurumia ataongeza la tatu, kwamba kama ana hoja aiseme waziwazi, asijifiche nyuma ya wafu.

Nayapinga yote matatu. Ushairi wa kejeli unaompa mtawala wa kale kinywa ni wetu, una adabu kuliko sifa tunazowamwagia wakubwa kila kukicha, na mwoga hauwezi.

Tuanze na umbo lake. Majigambo, au vivugo, tunayafundisha darasani kama utanzu wa fasihi simulizi. Shujaa husimama mbele ya watu akajitaja kwa nafsi ya kwanza: mimi ni fulani, nilishinda vita hii, nilivuka mto ule. Wahaya, upande wa pili wa Ziwa Victoria, waliyatamba mbele ya mtawala wao. Mtunzi wa leo akilichukua umbo hilohilo, akamsimamisha mfalme badala ya askari, akamwacha ajisifu kupita kiasi, amebadili kazi ya hadhira tu. Zamani ilishangilia, sasa inapima. Wazungu wanaingilia wapi hapo?

Kisha kuna utani. Sehemu nyingi za nchi hii, mtu akifa, mtani wake huja msibani na kazi maalumu. Huvaa koti la marehemu, hushika fimbo yake, huiga mwendo wake na kikohozi chake, kisha husema kwa sauti yake: msinizike kwanza, kuna mtu nilimficha deni, na huyo mke wangu mdogo, nani atamnunulia sukari niliyomnyima? Wafiwa hulia na kucheka kwa wakati mmoja. Hakuna anayemfukuza mtani, na aghalabu hupewa chake kabla hajaondoka. Jamii iliyoweka mtu rasmi wa kumsemea marehemu aibu zake, mbele ya jeneza lake, haiwezi kuambiwa leo kwamba kuwasemesha wafu ni mambo ya kuletwa. Mshairi Mrisho Mpoto alipopanda jukwaani bila viatu na kumwita mkubwa mjomba, wasikilizaji hawakuhitaji maelezo. Walijua mpwa ana ruhusa gani kwa mjomba wake.

Anayeona kejeli hii ni dhambi na afungue kitabu chake. Isaya sura ya 14 inaagiza mfalme wa Babeli atungiwe maneno ya dhihaka, na ndani yake mfalme huyo anasikika akijiahidi kupanda mbinguni na kuweka kiti chake juu ya nyota. Ezekieli sura ya 29 inamwonyesha Firauni akidai kwamba mto ni wake na yeye ndiye aliyeufanya. Mwislamu atamkuta Firauni huyohuyo katika Surat Az-Zukhruf, akiwatambia watu wake ufalme wa Misri na mito inayopita chini yake. Vitabu vyote viwili vinamwacha ajinadi, na msomaji anamhukumu kwa maneno yake mwenyewe.

Nimetunga ubeti mmoja ili tuone kazi hiyo kwa karibu:

Mimi ndiye Firauni, mto huu mali yangu,
Samaki walio ndani, wanaogelea kwangu,
Njaa iliyo mjini, si kosa la kiti changu,
Wenye njaa ni wahuni, waharibu jina langu.

Mistari miwili ya kwanza ni sifa tupu; ingeweza kusomwa kwenye sherehe yoyote na watu wakapiga makofi. Mstari wa tatu unamponyoka. Mfalme hakukusudia kutaja njaa, ila anayejitetea kabla hajashtakiwa hutoboa siri yake. Wa nne unamaliza kazi, kwa sababu lawama inawashukia wenye njaa. Mtunzi hajatia neno lake hata moja. Hamna tusi, hamna jina la mtu, hamna uongo juu ya yeyote. Kiongozi akiusikia na kuona umemgusa, kipimo cha kujipimia amekileta mwenyewe.

Wala Firauni hayuko mbali na Musoma. Mto Mara unamwaga maji yake ziwani karibu na mji huu, na maji ya ziwa hutokea Jinja yakawa Naili, yakashuka mpaka Misri. Mkataba wa mwaka 1929 baina ya Uingereza na Misri ulitaka ridhaa ya Misri kabla ya kufanywa kazi ya kuyapunguza maji hayo huku juu. Mwaka 1962 Tanganyika ilitamka kwamba mkataba ule hauifungi. Mtunzi wa Mara anayemsikia mtu wa kale akisema mto ni wangu anajua uzito wa kauli hiyo.

Sasa twende Butiama, kwa kuwa ndiko wanakokimbilia wanaotetea imani hii. Wanasema: hapa ni kwa Mwalimu Nyerere, mtoto wa mtemi, na mtemi hachekwi. Historia haiwaungi mkono. Kabla ya wakoloni Wazanaki, kabila lake Mwalimu, hawakuwa na mtemi mmoja wa watu wote. Mambo ya watu yaliamuliwa na wazee na marika yao. Burito Nyerere, baba yake Mwalimu, alipata utemi mwaka 1915, zama za Wajerumani. Unyenyekevu tunaouita wa asili, ule wa kuinamisha kichwa na kufunga mdomo, kwa sehemu kubwa ni wa kikoloni: mtemi akishamtegemea bwana mkubwa wa serikali, anapungukiwa na sababu ya kusikia vicheko vya watu wake.

Na Mwalimu mwenyewe alifanya nini? Mwaka 1963 Tanganyika ilifuta utemi kwa sheria. Mwaka huohuo ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, ambayo aliirekebisha ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Rais wa nchi changa, mtoto wa mtemi, alikaa akawapa Waswahili tamthilia ya kishairi kuhusu mtawala anayejitaja kwa jina lake kama vile anamsifu mtu mwingine, anayejifananisha na nyota ya kaskazini isiyotikisika, na anayechomwa visu kabla maneno hayo hayajapoa. Angeweza kutafsiri tenzi za ushindi. Alichagua kinywa cha Kaizari, akakiweka mikononi mwa watoto wa shule wa taifa alilokuwa analiongoza. Anayetumia jina la Mwalimu kuwanyamazisha watunzi wa Mara hajamsoma.

Imebaki hoja ya woga, na hii naiheshimu zaidi kwa kuwa wanaoitoa wanapenda ukweli. Wanasema jasiri hutaja jina. Ni kweli wapo waliotaja mambo waziwazi na wakalipa. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa waraka wake wa kuuliza Kenya inakwenda wapi, na mashairi aliyoyatungia gerezani bado tunayasoma. Lakini jina la mtu huzeeka pamoja na mwenye jina. Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, Waingereza wakiwa wametukalia, akaihamishia kesi yake kwenye nchi iliyo angani. Waingereza wameondoka na kesi ile bado inawahusu wenye madaraka. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, ng'ambo tu ya kivuko cha Kisorya kutoka Bunda, aliandika Kaptula la Marx miaka ya 1970, akamvika Rais Kapera kaptula isiyomkaa sawasawa. Tamthilia hiyo haikutoka kama kitabu mpaka miaka ya 1990. Kama kejeli ya kujificha ingekuwa salama hivyo, isingesubiri miaka yote hiyo. Barakoa haimfichi mtunzi. Kila mtu anajua nani katunga. Inachofanya ni kulipa shairi umri mrefu kuliko wa mtawala.

Tena mara nyingi wakubwa wenyewe si wepesi wa kukasirika kama wanaowazunguka. Machi 2017 mwanamuziki Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", na wimbo wenyewe ukatangazwa kupigwa marufuku. Haukupita muda, waziri mwenye dhamana ya sanaa akaeleza kwamba Rais John Magufuli ameupenda wimbo na anataka upigwe, na msanii akaachiwa. Sisemi kila mkubwa atafanya hivyo. Nasema hasira ilianzia chini, kwa watu waliojipa kazi ya kuumia kwa niaba ya mkubwa. Siku hizi tunawaita chawa. Hao ndio walezi wakuu wa imani kwamba mkubwa hachekwi, kwa kuwa kicheko kikiruhusiwa sifa zao zinakosa bei. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wakasema pia mkubwa ni jalala: anayekubali cheo amekubali kutupiwa maneno, matamu na machungu.

Mtawala wa kale ana kazi nyingine pia katika ushairi wa namna hii: anaweza kutucheka sisi. Masimulizi ya Waikizu wa Bunda yanamtaja Nyakinywa, mwanamke mleta mvua, kuwa chimbuko la utemi wao. Mpe kinywa huyo leo. Atakwambia kwamba alipoahidi mvua, watu walitazama juu na jibu likajulikana: imenyesha au haijanyesha. Kisha atageukia pwani ya ziwa hili kubwa, atazame wanawake wanaobeba ndoo vichwani, auulizie mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama uliosubiriwa kwa miaka mingi, aulize ninyi mnaoahidi bomba mnapimwa na nani. Swali hilo likitoka kwa mwandishi wa safu kama hii, ni malalamiko ya kawaida. Likitoka kwa mleta mvua lina haki ya mtu aliyewahi kupimwa kwa kazi yake mwenyewe.

Kila tarehe 14 Oktoba tunamkumbuka Mwalimu kwa mashairi, na karibu yote ni ya sifa. Naomba kamati za shule na za sherehe za Musoma, Bunda na Butiama zitenge nafasi ya majigambo ya kejeli: Firauni, Kaizari, Nyakinywa, au mtemi wa kubuni asiye na kaburi. Yahukumiwe kwa vina, mizani na ukali wa jicho la mtunzi. Na wewe mwalimu wa Kiswahili, mwanafunzi akikuletea ubeti ambamo mfalme anajifunga kwa ulimi wake, usimpeleke ofisini kwa mkuu wa shule. Sahihisha mizani iliyopungua, mpe alama anazostahili, kisha mwite mbele ya darasa ausome kwa sauti.