Nilichoficha chini ya sanduku

Huku kwetu Akheri baridi imeshapiga hodi. Leo ni siku ya nne Mlima Meru haujaonekana, na asubuhi ukiamka unaweza kudhani ukungu umelala na wewe kitanda kimoja. Ndiyo miezi ambayo watu wa huku tunaanza kuota bahari, na ndiyo miezi ambayo swali lile lile linarudi mezani kwangu: "Dada, mimi na mzee tunakwenda Zanzibar kwa mara ya kwanza, nibebe nini?"

Nitawajibu. Ila kwanza niwape kisa changu mwenyewe, maana mimi nilibeba vibaya ile mbaya.

Ilikuwa Juni 2022. Tulikuwa tumefikisha miaka 11 ya ndoa, na fungate letu, kama mnataka kujua, lilikuwa usiku mmoja Moshi nyumbani kwa shangazi, chumba kimoja na magunia ya mahindi. Basi nikapokea mgao wangu wa kikoba, mzee wangu ambaye ni mwalimu akaongezea, tukasema safari hii na sisi tunajirusha. Kwenda kwa ndege ndogo kutoka uwanja wa Kisongo, siku 5 Paje, kurudi kwa boti na basi ili mshiko utoshe.

Sanduku nililipanga usiku, nimevaa sweta mbili na soksi. Kosa lilianzia hapo. Mtu anayetetemeka hawezi kumpangia nguo mtu atakayetoka jasho! Nikaweka masweta, koti lake la kanisani, shuka la Kimasai, magauni manne ya usiku, viatu vya visigino jozi tatu, pasi, na mashine ya kukaushia nywele. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye uwanja mmoja, akaja na chane tatu za ndizi mshare. "Mtaendaje ugenini mikono mitupu?" Nikamwambia, mama, tunakwenda hotelini. "Hotelini si kuna watu?" Ndizi zikaingia.

Na chini kabisa, ndani ya soksi ya mtoto, nikaficha nguo ya kuogelea. Niliinunua kwenye mitumba ya soko la Tengeru siku ya Jumamosi. Ya bluu, kipande kimoja, ya heshima kabisa. Mzee sikumwambia, kwa sababu sikujua atasema nini. Na hilo ndilo lililonisumbua kuliko nguo yenyewe: miaka 11, watoto watatu, na bado naogopa kumwambia mume wangu kwamba nataka kuingia majini.

Sasa njooni Kisongo. Hizi ndege ndogo kwa kawaida zinaruhusu kama kilo 15 kwa mtu, na mzigo wa mkononi unahesabiwa humo humo, tena wanapenda begi laini la kukunjika, si sanduku gumu. Sisi wawili tulipanda mizani na kilo 41. Kijana wa mizani akasema kwa adabu zote, "Mama, shikamoo, hapa itabidi mpunguze." Nyuma yetu foleni ya wazungu na vibegi vyao kama vya watoto wa shule. Tukapiga magoti sakafuni, tukafungua.

Yakatoka masweta, ikatoka pasi. Shemeji aliyetuleta na pikapu yake akawa anapokea tu. Mzee, katika kusaidia, akaishika ile soksi akaikung'uta. Nguo ikaanguka.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

Kimya. Na mimi kwa kujihami nikavuta begi lake, nikafungua zipu. Bunda la karatasi za mtihani wa kidato cha pili, limefungwa kwa kamba, kilo kama sita. "Na hizi za nani?"

"Nilifikiri nikipata nafasi," akasema, "jioni jioni."

Wenzangu, hiyo jioni jioni nimeisikia kwa miaka. Karatasi mezani wakati wa chakula, karatasi kitandani, kalamu nyekundu kwenye shuka. Nilitaka kulia pale pale mbele za watu. Kijana wa mizani akawa anaangalia dari. Mzee akasimama, akabeba lile bunda mwenyewe akampelekea shemeji garini. Aliporudi akaikunja ile nguo ya bluu taratibu, akairudisha ndani ya soksi. "Hii haina uzito," akasema.

Ndizi tulimwachia kijana wa mizani.

Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya losheni na miwani: wiki moja kabla ya safari, mwagieni vitu vyote kitandani, nyote wawili mkiwa chumbani. Kaka unayesoma jarida la mkeo kwa kuibia, na wewe inakuhusu. Kama kuna kitu unaona afadhali ukipenyeze kimya kimya, basi hicho ndicho cha kuongea. Kompyuta ya ofisini, simu ya pili, nguo ya kuogelea, hata bahasha ya pesa ambayo mwenzio haijui. Afadhali mzozane Akheri bure kuliko kuzozana hotelini kwa bei ya usiku mmoja.

Haya, tupange sasa.

Beba khanga. Ningekuwa na nafasi ya kitu kimoja tu, ingekuwa doti mbili za khanga. Ni vazi la pwani toka enzi za bibi zao, na wenyewe wanajua kwa nini. Juu ya nguo ya kuogelea ni sketi, ukilala mchangani ni mkeka, ukitoka majini ni taulo linalokauka upesi, ndani ya boti yenye kiyoyozi kikali ni blanketi. Na ukitoka eneo la hoteli ni stara yako. Zanzibar ni kisiwa cha Waislamu kwa sehemu kubwa sana, na ile nguo ya kuogelea mwisho wake ni ufukweni. Mji Mkongwe, sokoni Darajani, na kwenye vijiji vya Paje au Jambiani, mabega na magoti yafunikwe. Kaka naye asipite kijijini kifua wazi. Mkienda wakati wa Ramadhani, msile wala kunywa barabarani mchana. Nguo nyepesi za pamba tatu nne zinatosha. Magauni yangu ya usiku nilivaa moja, tena mchanga ulinicheka.

Beba viatu vya kuingia navyo majini. Hili watu wa milimani hatulijui kabisa. Tulifika Paje saa 8 mchana, nikakimbilia ufukweni kuona bahari, bahari haipo! Imeondoka mamia ya mita, imebaki michanga, vidimbwi, na kina mama wamejiinamia kwenye mashamba yao ya mwani, kilimo kilichoanza upande huu wa mashariki kibiashara mwaka 1989. Nikadhani tumetapeliwa. Kumbe maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu kuna bamvua, maji yanapanda na kushuka hadi kama mita 4. Katikati ya hapo ndiyo maji mafu, tofauti inakuwa ndogo. Uliza hotelini ratiba ya maji kabla hujauliza ratiba ya chakula. Mnaotaka kuogelea karibu saa zote, tazameni kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaendi mbali hivyo.

Maji yakipwa utatamani kutembea mpaka kwenye mwamba, na humo kuna vidude vyeusi vyenye miiba mirefu, nungunungu wa baharini. Mwiba ukiingia mguuni, likizo imekwisha. Kandambili zinavuka zenyewe, kwa hiyo vaa yeboyebo za plastiki, zile za bei poa kabisa. Na maji yakianza kurudi, geuka nawe urudi. Yanakuja haraka kuliko unavyofikiri, na sisi wa huku wengi kuogelea hatujui.

Jua. Mzee alikataa kofia siku ya kwanza, akasema yeye ni mtu mweusi. Kipara chake kilibabuka mpaka akawa analala kifudifudi. Weusi wetu unasaidia lakini hauzuii kila kitu, hasa jua linapopiga juu na maji na mchanga vikalirudisha usoni. Chukua losheni ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, paka kila baada ya saa mbili na kila ukitoka majini. Mafuta ya nazi ni matamu lakini si kinga ya jua. Na wewe shosti wa mkorogo, nakuambia kwa upendo: ngozi iliyochubuliwa na jua la bahari haviivi chungu kimoja. Utarudi na mabaka.

Nywele suka kabla ya kuondoka, tena suka zile za kubana kichwani. Weaving ikilowa maji ya chumvi inakaa mbichi siku nzima, na wigi nimeona moja likielea.

Vidogo vidogo: dawa ya kupaka ya mbu na blauzi ya mikono mirefu ya jioni. Huku juu mbu ni wachache tunajisahau, na Zanzibar wameipunguza malaria sana lakini haijaisha. Panadol, chumvichumvi ya kuharisha, plasta. Pedi zako hata kama siku hazijafika, maana safari ina tabia ya kuzileta. Vidonge vyako vya uzazi wa mpango, au kondomu. Msije mkapewa zawadi ya miezi tisa ambayo hamkuiagiza. Kitambulisho cha taifa kwa kila mmoja: tiketi ya boti wanakitaka, na hotelini ndicho kinachokupa bei ya mkazi badala ya ile ya mgeni. Pesa taslimu kidogo kidogo, kwa sababu mwenye madafu hana chenji.

Nguo mbichi usitegemee kuzifunga kwenye rambo. Mifuko ile ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar walitangulia. Beba mfuko wa kitambaa, au nunua kikapu cha ukili huko huko. Na acha nafasi kwenye begi ya kurudi na halua, mdalasini na iliki, la sivyo mama mkwe atakuuliza ulikuwa wapi. Mnaorudi kwa boti, ni saa mbili hivi mpaka Dar es Salaam, na Juni upepo wa kusi unaichezea. Kunywa dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda. Ukiwa umeshaanza kutapika imechelewa, niulize mimi.

Ambao mfuko haujaruhusu kuvuka maji, msinune. Basi la Tanga lipo, na Pangani na Ushongo bahari ni ile ile na khanga ni zile zile.

Nilisahau kuwamalizia. Siku mbili za kwanza sikuivaa ile nguo ya bluu. Niliivaa chumbani, nikajiangalia kwenye kioo, tumbo la watoto watatu, nikavua. Mzee akawa ananiangalia tu. Hana karatasi za kusahihisha, hana pa kuficha macho. Jioni ya pili, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, tuliongea mpaka saa 6 usiku. Aliniambia kumbe naye anaogopa maji. Alizama mtoni akiwa mdogo akavutwa na nduguye, na hakuwahi kumsimulia mtu. Zile karatasi, alisema, alizibeba ili awe na sababu ya kubaki kivulini.

Siku ya tatu asubuhi maji yalikuwa yamejaa mpaka karibu na minazi. Nikatoka na khanga mbili, nikaacha moja kwenye kiti, nyingine nikaifunga kiunoni, kisha nikaiacha na hiyo. Mzee alinishika mkono akiwa na bukta na kofia ya pama. Tuliingia mpaka kiunoni, hatua nyingine hakuna aliyetaka. Tulikaa humo karibu saa nzima.

Nyumbani niliifua nikaianika nyuma ya jiko, na kwa baridi ile ya Juni ilikaa kwenye kamba siku tatu. Siku ya pili mama mkwe akaiona, akaishika, akainyoosha huku na huku. "Hiki nini?" Mimi nikajifanya nachochea moto. Mzee ndiye aliyejibu, kutoka mezani kwenye karatasi zake: "Ni ya mke wangu, mama. Ya kuogelea baharini."

Mama mkwe akaitazama tena. "Sasa na baridi yote hii," akasema, "wamempunja mikono."