MGUU WA BANDIA HAUJITENGENEZI

Ndugu Wafanyakazi,

Sisi wa reli tukaao Mwakirunge tunaye mwenzetu aliyekatwa mguu kazini. Alipewa mguu wa bandia. Mwaka haukwisha, kigutu kikapungua, mguu ukalegea na kumchubua. Leo umetundikwa ukutani, naye atembea kwa magongo. Tajiri wake asema amekwisha lipa.

Hajalipa! Sheria ya Fidia ya Kazini ya 2007, kifungu cha 47, yamtaka mwajiri agharimie kiungo cha bandia, na pia kukitunza, kukitengeneza na kukibadilisha. Lakini sheria haishiki tupa wala nyundo. Yuko wapi fundi?

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2017 kwamba kila watu milioni 1 wahitaji mafundi hawa 5 hata 10. Sensa ya 2019 ilihesabu Mombasa watu milioni 1.2. Basi twahitaji 6 hata 12. Je, katika watoto wetu, nani anayesomea kazi hii? Sisi hatumjui hata mmoja.

Wazazi wengine hucheka: "Kuchonga miguu!" Huo ni ujinga. Fundi huyu hupima kigutu, huchukua umbo lake kwa plasta, huvika umbo hilo plastiki ya moto, hufunga bomba na unyayo, kisha humsimamisha mtu na kurekebisha mpaka atembee sawa. Hufanya pia vyuma vya kunyosha miguu ya watoto. Asipojua mifupa na hesabu ya uzito, ataumiza mtu. Sisi tunaopima reli twajua: upana ukikosewa, behewa huanguka.

Wengine husema Chama ni cha mishahara tu. Asiyeweza kusimama atapata mshahara gani?

Shule zipo. Chuo cha KMTC, Nairobi, chafundisha kazi hii. Moshi, Tanzania, chuo cha TATCOT kilianza 1981, na kimesomesha vijana wa nchi nyingi za Afrika.

Kwa hiyo twadai:

1. Chama kisaidie karo ya mtoto mmoja wa mwanachama kila mwaka, mvulana au msichana, asomee ufundi huu.

2. Kila fidia ya kiungo idaiwe pamoja na matengenezo yake.

Taka za mji mzima huletwa hapa Mwakirunge. Mfanyakazi aliyeumia asitupwe pamoja nazo!

UMOJA NI NGUVU.

Sisi Wafanyakazi wa Reli, Mwakirunge