Mezani kwa Karani: Neno "Rudi Kesho" na Utumishi wa Marehemu Nyachae

Juma hili naanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe, kwa maana si haki karani kuwaonyesha wengine vumbi la mezani kwao hali la kwake hajalifuta.

Katika ofisi moja niliyofanyia kazi kabla ya kurudi kwetu Nyacheki, alikuja omong'ina mmoja, mjane, akitaka barua ya kupeleka mahakamani katika shauri la urithi wa shamba la marehemu mumewe. Barua ya namna hiyo ni fupi: yamtaja marehemu, mkewe na watoto wake, wala haichukui nusu saa kuiandika. Siku ya kwanza nilimwambia, "Rudi kesho kutwa, omong'ina, mkubwa hayupo." Siku ya pili nikamwambia faili haijaonekana. Siku ya tatu aliketi bengini tangu asubuhi hata saa nane za mchana. Nilipomwita alisema kwa upole, "Mwanangu, leo nimeuza kuku wangu wa mwisho nipate nauli. Je, kitabu chako kimeandika kwamba nimekuja mara tatu?"

Kitabu changu hakikuandika neno. Kiliandika barua zilizoingia na zilizotoka, na wageni wakubwa waliotia sahihi. Faili ya mama yule ilikuwa katika mtoto wa meza yangu, chini ya magazeti.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: ofisi hupimwa kwa kitu gani? Na kila nijiulizapo hunijia kichwani habari za mtu wa nchi yetu hii ya Gusii ambaye swali hilo lilimshughulisha karibu maisha yake yote ya kazi. Huyo ni marehemu Simeon Nyachae, aliyefariki tarehe 1 Februari 2021, akiwa na umri wa miaka 88.

Alizaliwa mwaka 1932 katika Nyaribari, mwana wa Chifu Musa Nyandusi. Wazee wetu humkumbuka Nyandusi kwa mambo mengi, na mojawapo ni kahawa. Katika miaka ya 1930, Waafrika wengi wa Kenya walipokuwa wangali wamekatazwa kupanda zao hilo, Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu chache zilizoruhusiwa, naye chifu huyo akawa mmoja wa wapandaji wa kwanza. Nadhani mtoto aliyelelewa katika mji wa chifu huiona serikali kwa upande ule tusiouona sisi wa ofisini: huwaona watu wakija alfajiri na mashauri yao, na jioni huwaona wakirudi, wengine wameridhika na wengine wamenuna.

Kijana huyo aliingia katika kazi ya utawala kabla ya Uhuru, akaenda Uingereza kuisomea, akarudi akawa D.O., kisha D.C. Baada ya Uhuru alikuwa P.C. wa Bonde la Ufa, na halafu wa Mkoa wa Kati kwa muda wa miaka mingi. Rais Moi alipokwisha kushika madaraka mwaka 1978, Nyachae aliitwa Nairobi katika Ofisi ya Rais, na mwaka 1984 akafikishwa kwenye ngazi iliyo juu ya watumishi wote: Mkuu wa Utumishi wa Serikali na Katibu wa Baraza la Mawaziri.

Lakini vyeo peke yake havitufundishi jambo. Linalotufaa ni lile alilolifanya akiwa huko juu, nalo lilianza rasmi mwezi wa Julai 1983: mpango wa kuifanya wilaya iwe ndiyo kitovu cha maendeleo ya mashambani. Rais ndiye aliyeutangaza, na Nyachae alikuwa mmoja wa watu wakuu waliouunda na kuusimamia.

Kwa vijana wasioyajua mambo ya wakati ule, nitaeleza kwa ufupi. Zamani kila wizara ilipanga kazi zake Nairobi, yapata kilomita 300 kutoka hapa kwetu, na kila moja ilituma amri zake kwa ofisa wake wa wilayani. Bwana Kilimo alimsikiliza mkubwa wake wa Nairobi, na Bwana Maji wake, na Bwana Barabara wake. Kwa hiyo yaliweza kutokea mambo ya ajabu: zahanati ikajengwa pasipo maji, au kituo cha kununulia mazao kikawekwa mahali ambapo gari haliwezi kufika wakati wa masika. Hakuna aliyekosa kazi yake. Kila mmoja alikuwa ametimiza amri aliyopewa. Waliokosa ni watu waliongojea.

Mpango wa 1983 ulisema hivi: mashauri na yaanzie chini, katika kamati za kata ndogo, yapande kwenye kata, yapande tarafani, na hatimaye yafike mbele ya Kamati ya Maendeleo ya Wilaya. Kamati hiyo D.C. alikuwa mwenyekiti wake na Ofisa wa Maendeleo wa Wilaya alikuwa katibu, na wakuu wa idara zote walikaa pamoja na wabunge na wajumbe wa mabaraza. Idhini za matumizi ya fedha zilipelekwa wilayani, na zabuni nyingi zikaanza kuamuliwa huko huko. Msingi wake ni methali tuliyojifunza shuleni: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Je, mpango huo ulifaulu? Yafaa tuseme kweli. Ulifaulu kuwafundisha maofisa kukaa meza moja na kuulizana, na jambo hilo si dogo. Lakini mfuko mkubwa ulibaki Nairobi, na mwenyekiti wa kamati hakuchaguliwa na wakulima. Alitumwa na Nairobi, na Nairobi ndiyo iliyoweza kumhamisha. Mtu wa kata ndogo aliweza kusema, lakini hakuweza kumshurutisha mtu kumsikia. Kuileta ofisi karibu na watu ni jambo moja. Kuifanya iwajibike kwao ni jambo la pili.

Jambo hilo la pili lilichukua muda mrefu zaidi. Katiba ya mwaka 2010 iliunda kaunti 47, na serikali za kaunti zikaanza kazi mwaka 2013, zikiwa na haki ya kupewa si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Ile iliyokuwa wilaya moja ya Kisii wakati mpango wa Nyachae ulipoanza ikawa kaunti mbili, Kisii na Nyamira, na Nyacheki hii yetu ikapata kuwa wadi yenye mjumbe wake. Hivyo, mbegu iliyopandwa 1983 ilikuwa na kasoro, lakini haikuoza.

Baada ya kuacha utumishi, Nyachae aliingia katika siasa, akachaguliwa mbunge wa Nyaribari Chache mwaka 1992, na mwaka 1998 akawa Waziri wa Fedha. Hapo alifanya jambo ambalo kila karani angelikumbuka kila afunguapo daftari lake. Serikali ilikuwa imewaahidi walimu nyongeza kubwa ya mishahara baada ya mgomo wa 1997, na madeni ya taifa yalikuwa mazito. Yeye alisema waziwazi kwamba fedha hakuna. Walimu walikasirika, wakagoma tena mwaka ule, nao walikuwa na haki ya kukasirika, maana ahadi ni deni. Hata hivyo, hesabu zilikuwa hivyo zilivyo, naye hakuzipaka rangi. Mapema mwaka 1999 alihamishwa katika wizara ile na kupewa ya Viwanda, akakataa, akajiuzulu.

Simsifu kana kwamba hakuwa na dosari. Alikuwa tajiri, mwenye viwanda vya unga na mikate, na yeye ni mmoja wa kizazi cha maofisa waliofanya biashara wakiwa wangali kazini. Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971 ndiyo iliyoruhusu watumishi wa serikali wawe na biashara zao, na tangu siku hiyo wananchi hawajaacha kuuliza: mtu akiwa na duka lake na ofisi yetu, saa nne za asubuhi moyo wake uko wapi? Swali hilo ni la haki, na halimhusu mtu mmoja tu. Latuhusu hata sisi makarani wadogo wenye boda boda barabarani na kioski sokoni.

Tangu siku zake serikali imetafuta njia nyingine za kuzipima ofisi. Mwaka 2004 mashirika 16 ya umma yalikuwa ya kwanza kuwekewa mikataba ya utendaji: mkuu wa shirika hutia sahihi kwamba mwaka huu atatimiza jambo hili na hili, na mwisho wa mwaka huhesabiwa. Baadaye mikataba hiyo ikaenea katika wizara. Mwaka 2013 vikaanza vituo vya Huduma, ambamo mtu hupata vitambulisho na vyeti mbalimbali chini ya paa moja, pasipo kuzunguka mji mzima.

Hayo yote ni mema. Ila karani ajua siri moja: kila kipimo chaweza kudanganywa. Nikiulizwa ni barua ngapi nimeziandika mwaka huu, nitajibu kwa fahari, na hesabu itakuwa ya kweli. Lakini nikiulizwa mjane amefunga safari mara ngapi kwa barua moja, nitanyamaza. Kwa hiyo nimeanzisha daftari dogo la mistari minne: jina la mtu, shauri lake, tarehe aliyokuja, na tarehe aliyotoka akiwa nalo limekwisha. Arudipo kabla ya kutimiziwa, natia alama kando ya jina lake. Mwezi wa kwanza daftari lile lilinishtaki vikali kuliko mkaguzi yeyote. Mwezi wa tatu alama zilikuwa zimepungua, wala sikuongezewa mshahara wala msaidizi.

Ninyi wakulima nanyi mna sehemu yenu. Mkiambiwa "rudi kesho", ulizeni kwa adabu: "Tarehe gani, Bwana Karani, na nimwone nani?" Ofisi nyingi za serikali zina mkataba wa huduma uliobandikwa ukutani, usomeni kabla ya kuketi bengini. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 humpa raia haki ya kujibiwa katika muda wa siku 21 aombapo habari iliyo mikononi mwa ofisi ya umma. Na mtu aliyezungushwa pasipo sababu aweza kupeleka malalamiko yake kwa Tume ya Haki ya Utawala. Kuuliza hivyo si utovu wa heshima. Kunamkumbusha karani kazi yake.

Nanyi makarani wenzangu, si wote tutakaopanda mpaka kuketi penye Baraza la Mawaziri. Wengi wetu tutastaafu tukiwa na kalamu hii hii na meza hii hii. Lakini kwa mama aliyetoka kijijini na bahasha kuukuu mkononi, serikali yote ni sisi. Hana nyingine aijuayo.

Omong'ina yule alipata barua yake siku ile ya tatu, kabla jua halijatua. Hakunilaumu, bali alinibariki. Kuku wake sikuweza kumrudishia.

Hadi juma lijalo, kwaherini.